Mdogo wangu kiziwi anasema akizaa mtoto kiziwi atashukuru zaidi, familia imechafuka. Naombeni uelewa

Kaka wa Tandika:

Wadau habari za jioni, poleni na foleni. Nina ishu ya kifamilia, naomba wanaojua mambo ya viziwi wanisaidie, na kama humu kuna viziwi wenyewe ndo ningefurahi zaidi wakiongea wao.

Nina mdogo wangu wa kike ni kiziwi. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo sana hata kuongea hajakaa sawa, akapona ila masikio ndo yakaenda. Kasoma Buguruni Viziwi, saivi ni fundi cherehani Kariakoo na anajitegemea kabisa, hamsumbui mtu. Kapata mchumba naye kiziwi, jamaa ni seremala pale Keko, mtulivu, na kazi ya mikono yake ukiiona utaipenda. Mahari imeshapokelewa na kamati imeshaanza kukaa.

Sasa kwenye kikao cha familia juzi mjomba akauliza kile ambacho nadhani kila mtu alikuwa nacho moyoni, akasema nyie wote wawili hamsikii, je mkizaa mtoto naye hasikii itakuwaje? Mdogo wangu alikuja na rafiki yake anayemkalimania. Akajibu kwa mikono huku anamwangalia mjomba usoni, rafiki yake akawa anatamka: "Nikizaa anayesikia nitamshukuru Mungu. Nikizaa kiziwi nitashukuru zaidi, maana huyo nitaongea naye tangu siku ya kwanza na hatapitia niliyopitia mimi humu ndani." Mjomba kachukua kofia yake kaondoka bila kuaga. Shangazi akaanza kulia anasema binti anajitamkia mabaya. Mama toka siku hiyo anataka tuvunje uchumba atafutiwe mwanaume anayesikia.

Usiku akanitumia meseji ndefu WhatsApp, kwamba yeye si mgonjwa, kwamba viziwi wana lugha yao na utamaduni wao na hataki kuonewa huruma. Mzee wetu alishatangulia kwa hiyo mimi ndo nasimama kama baba. Nataka kumsimamia ila nataka nielewe kwanza ninachosimamia. Ni kweli viziwi hawajihesabu walemavu? Huo utamaduni ni upi hasa? Na je ni kweli watazaa viziwi? Nawasilisha.

Mdau wa Goba:

Mkuu hongera kwa kusimama na mdogo wako. Mi naomba nitofautiane na watakaokuja, na sisemi kwa ubaya. Kusikia ni neema. Mtu asiyesikia honi ya bodaboda pale Mbagala Rangi Tatu yuko hatarini kila siku, akienda zahanati anaitwa jina hasikii foleni inampita, akipata kesi polisi hawezi kujieleza. Kumtamania mwanao maisha hayo siwezi kuita utamaduni hata nikilazimishwa. Kuna wanawake wawili viziwi Marekani habari yao ilienea dunia nzima mwaka 2002, walitafuta makusudi mwanaume kiziwi awape mbegu ili wapate mtoto kiziwi, na wakampata. Kwangu mimi pale mtoto alichaguliwa ugumu kabla hajazaliwa.

Halafu lingine. Halmashauri zina ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Sasa kama kiziwi si mlemavu hiyo 2 anaifuata ya nini? Anayejua anijibu bila kunitukana.

Binti Vingunguti:

Kaka wa Tandika, mimi baba na mama wote viziwi. Mimi nasikia, wadogo zangu wote wanasikia. Kwa hiyo la kwanza mjomba apelekewe hili: watoto walio wengi wanaozaliwa na wazazi viziwi wanasikia. Mdogo wako uziwi wake umetokana na uti wa mgongo, huo haurithiwi kabisa. Labda muulize shemeji kama kwao kuna uziwi wa ukoo, na hata huo mara nyingi mpaka mtoto achukue kinasaba kilekile kwa baba na kwa mama ndo utokee. Yaani hofu iliyovunja kikao huenda hata haipo.

Ila naelewa swali lako halijaishia hapo. Umeuliza utamaduni ni upi, nikueleze nilivyolelewa. Kwetu lugha ya kwanza ilikuwa alama, Kiswahili nilikiokota kwa majirani na redio ya mpangaji mwenzetu. Nilipokuwa mchanga mama alikuwa anafunga upande mmoja wa kamba ya kanga mkononi kwake na mwingine mguuni kwangu, nikilia narusha miguu yeye anaamka, na anasema hakuna usiku nililia nikaachwa. Kumwita baba unagonga sakafu kwa kisigino au unachezea swichi ya taa. Wageni wakija viti vinawekwa mviringo kila mtu aone mikono ya kila mtu, na hakuna anayekaa na dirisha lenye mwanga mkali nyuma yake. Watu wawili wakiwa wanaongea kwa alama wamesimama uchochoroni wewe pita tu katikati yao haraka, ukisimama kuomba samahani ndo unawakatisha. Kuaga ndo balaa, wanaaga kwenye kiti, wanaaga mlangoni, wanaagana tena nje chini ya taa ya nguzo na hapo stori mpya inaanza, maana enzi hizo hakuna video koli, mkiachana mpaka muonane tena uso kwa uso.

Na viziwi wanaongea wazi. Atakwambia umenenepa, atakuuliza mshahara wako shilingi ngapi, na hapo anakupenda. Mtu anayesikia huwa anakwazika, sisi tuliozaliwa humo tunaona kawaida. Hata majina wana yao. Mimi jina langu la alama ni ncha ya kidole kugusa juu ya nyusi ya kushoto, nina kovu hapo, nilipewa na rafiki wa mama nikiwa natambaa. Huwezi kujipa mwenyewe, unapewa na kiziwi, na ukishapewa ndo wanakujua kwalo mpaka uzeeni.

Mdau wa Goba hilo la zahanati ni kweli tupu na linaniuma kuliko unavyodhani, maana aliyekuwa anaenda kumkalimania mama nilikuwa mimi, mtoto wa shule ya msingi. Daktari ananiambia mambo ya uzazi ya mama yangu mzazi nimtafsirie. Mimba ilipoharibika mimi ndo niliyemwambia. Lakini mama hakuwahi kusema angekuwa na masikio, alikuwa anasema wangekuwa na mkalimani.

Mwl Zuhura:

Nimefundisha watoto viziwi miaka mingi, niongezee kidogo. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi wanazaliwa na wazazi wanaosikia. Hapo ndipo utamaduni huu unapotofautiana na wa kabila lolote, kwa sababu Msukuma anafundishwa Usukuma na mama yake, kiziwi anafundishwa na kiziwi mwenzake shuleni. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, Buguruni ikaja 1974, halafu nyingine zikafuata, na lugha ya alama ya Tanzania kwa sehemu kubwa imekomaa bwenini, taa zikiwa bado zinawaka, wakubwa wakiwasimulia wadogo.

Nimepokea mtoto wa miaka tisa, hana lugha yoyote. Hajui kwamba yeye ana jina. Hajui bibi yake aliyekufa alienda wapi, alimwona amelala watu wanalia halafu hakumwona tena. Huyo masikio siyo tatizo lake kubwa, tatizo ni miaka tisa ambayo hakuna mtu nyumbani aliyempa lugha. Muhula mmoja tu akikaa na wenzake anaanza kuuliza maswali, na maswali yakianza hayakomi, mpaka mwalimu unachoka kwa furaha. Sasa mtoto anayezaliwa na mama kiziwi kama huyo mdogo wako anakuja darasa la kwanza tayari ana lugha kamili, anawafundisha wenzake. Tunawatambua wiki ya kwanza tu. Mdogo wako aliposema ataongea naye tangu siku ya kwanza, mimi nilimwelewa.

Na mjomba ajue kwamba swali lake lina historia ndefu na mbaya. Alexander Graham Bell, huyu wa simu, mama yake na mke wake wote walikuwa viziwi, na bado mwaka 1883 alipeleka andiko kwa wanasayansi wenzake Marekani akionya kwamba viziwi kuoana wenyewe kwa wenyewe kutazalisha jamii ya viziwi, akataka mazingira yanayowakutanisha yapunguzwe. Miaka mitatu kabla ya hapo, 1880, walimu wa viziwi walikutana Milan Italia, waliopiga kura karibu wote wanasikia, wakaazimia watoto wafundishwe kutamka na alama ziondolewe madarasani. Vizazi vya watoto vilichapwa mikono kwa sababu ya azimio lile. Ilibidi tusubiri mpaka 2010, mkutano wa aina ileile huko Vancouver, ndo likakataliwa rasmi na majuto yakatolewa. Ujerumani ya Hitler ndo walifika mbali kabisa, sheria ya 1933 iliruhusu viziwi wa kurithi kufungwa uzazi kwa nguvu. Simfananishi mjomba na hao, mjomba ana uchungu na mpwa wake. Nasema tu viziwi wakiulizwa "mkizaa itakuwaje" wanasikia na hayo yote nyuma yake.

Mama Ibra:

Mimi mwanangu kapandikizwa kile kifaa cha usikivu, Muhimbili wanafanya tangu 2017, kabla ya hapo watoto walikuwa wanapelekwa India. Nashukuru, anasikia nikimwita, anajifunza kutamka. Ila mjue akienda kuoga kile cha nje kinavuliwa, akilala kinavuliwa, betri ikiisha kwenye daladala hasikii kitu. Kwa hiyo na alama tunajifunza nyumba nzima. Kuna watu walinisema nimemkataa mwanangu kwa kumpandikiza na kuna wengine walinisema namrudisha nyuma kwa alama. Mtoto ana miaka mitano anatumia vyote viwili na anacheka siku nzima. Hilo tu.

Mikono Miwili:

Mimi ni kiziwi. Kiswahili nimejifunza kwa kusoma, lugha yangu ni alama. Mkiona naandika kwa kifupi ni hivyo tu.

Mdau wa Goba umeuliza vizuri, nakujibu. Kitambulisho cha ulemavu ninacho na nakitumia. Mkopo wa asilimia 2 kikundi chetu tuliomba, ni haki yetu. Jumapili nikiwa na viziwi wenzangu, tumekaa, tunabishana mpira, tunacheka, hapo sina upungufu wowote. Ukija wewe usiyejua alama siku hiyo wewe ndiye utakaa pembeni unatabasamu bila kuelewa. Jumatatu naenda benki, kioo kikubwa, dada anaongea ameinamisha kichwa, naomba aandike anakasirika. Hapo ulemavu umeanza, na umeanzia kwenye dirisha la benki. Mtu ni yuleyule. Sioni kwa nini nichague moja niache lingine.

Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 haukuchagua. Tanzania iliuridhia 2009, sheria yetu ya watu wenye ulemavu ikaja 2010. Ibara ya 30 inasema watu wana haki utambulisho wao wa kiutamaduni na kilugha utambuliwe na kuungwa mkono, na imezitaja lugha za alama na utamaduni wa viziwi. Mkataba wenyewe ni wa ulemavu, na ndani yake tumetambuliwa kuwa watu wenye lugha. Kenya katiba yao ya 2010 imeweka lugha ya alama kuwa lugha rasmi ya bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Afrika Kusini 2023 wameifanya lugha rasmi ya 12 ya nchi. Sisi tuko nyuma, na CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, wanapigania hili miaka yote.

Kuhusu bodaboda. Mimi naendesha baiskeli Dar es Salaam hii kila siku. Kiziwi anatumia macho kuliko wewe unavyotumia masikio. Wanaogongwa wengi wanasikia.

Nataka ujue pia habari ya kisiwa kimoja Marekani, Martha's Vineyard. Zaidi ya miaka 200 uziwi wa kurithi ulikuwa mwingi kule. Katika mji mmoja, Chilmark, karne ya 19 ilikadiriwa mtu 1 kati ya 25 ni kiziwi. Basi watu wote wakajua alama, wanaosikia na wasiosikia. Wavuvi waliongea kwa alama kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Viziwi walioa, waliolewa, walifanya biashara, walishika nafasi za uongozi. Wazee wa pale walipoulizwa baadaye nani alikuwa kiziwi ilibidi wafikiri kwanza, hawakuwa wanawakumbuka hivyo. Masikio yalikuwa yaleyale kama ya viziwi wa Boston. Majirani ndio walikuwa tofauti.

Sasa wewe Kaka wa Tandika. Mdogo wako alisema "niliyopitia humu ndani". Najua alimaanisha nini maana sote tumepitia. Ni sahani ya ubwabwa katikati, familia nzima mnakula, mtu anasema kitu, wote mnacheka. Yeye anauliza nini? Mnamwambia "tutakwambia baadaye". Au mnamwambia "hamna kitu". Amekula chakula hicho tangu mtoto mpaka amekuwa mtu mzima. Baadaye haiji. Habari ya msiba anaipata mwisho, akiona watu wanavaa. Ndiyo maana anataka mtoto ambaye hatamwambia baadaye.

Naomba nikuulize. Umeandika kikao, umeandika rafiki yake alimkalimania. Wewe unajua alama?

Kaka wa Tandika:

Mikono Miwili nakushukuru sana kaka, nimesoma mara mbili nikampa na mama asome. Alama najua za nyumbani tu, kula, njoo, lala, hela, mgonjwa, hivyo basi. Nyingine tunaandikiana. Mdogo wangu kasema ataanza kunifundisha jioni akitoka kazini na mke wangu naye anataka, na kuna jamaa kaniambia niende niulize CHAVITA kama wana darasa.

Mama hilo la uti wa mgongo kutorithiwa limemtuliza kidogo, ila hilo la "nitashukuru zaidi" bado hajalimeza. Alichosema ni kwamba anataka kukaa na shemeji waongee wawili peke yao, wamtafutie mkalimani. Hilo nimelipokea kwa mikono miwili maana toka jamaa aanze kuja nyumbani mama hajawahi kuongea naye zaidi ya kumkaribisha chai. Shemeji nimemuuliza, kwao hakuna kiziwi mwingine, aliugua masikio utotoni yakawa yanatoa usaha hayakutibiwa.

Mjomba bado. Nitamfuata Ijumaa kwake.

Mdau wa Goba:

Hilo la 2 nimejibiwa, na limenikaa. Kile kisiwa nacho sikukijua. La mtu kutamani mtoto kiziwi kwa kweli bado linanigomea, mi baba wa watoto watatu siwezi kujilazimisha. Ila ningekuwa kwenye kikao kile nisingeondoka. Kuna kitu ningependa kujua, mtu kama mimi nikikutana na kiziwi dukani kwangu sijui alama nafanyaje? Huwa naongea kwa sauti kubwa.

Mikono Miwili:

Sauti kubwa haisaidii, inakunja uso wako na mimi naona mtu amekasirika. Niangalie usoni, elekeza kitu, andika bei kwenye simu nione. Usiongee na mtu niliyekuja naye, ongea na mimi. Bei ya vitu na kusalimia kwa alama unajifunza siku moja, mteja wako kiziwi akija dukani kwako atakufundisha mwenyewe kwa furaha.

Kaka wa Tandika:

Naomba la mwisho kwa Binti Vingunguti. Kamati tunakaa Jumamosi, wageni wa upande wa shemeji wengi ni viziwi na wa mdogo wangu nao wapo. Kwenye ukumbi tuzingatie nini? MC tuliyempata hajawahi kufanya harusi ya viziwi.

Binti Vingunguti:

Raha sana kusikia hivyo. Wakalimani wawili, siyo mmoja, wanapokezana kila baada ya kama dakika 20 maana mikono na akili vinachoka, na waingie kwenye bajeti kama mnavyomlipa dijei, msiombe rafiki yake bi harusi afanye bure, huyo ni mgeni naye aje ale. Mkalimani asimame karibu na MC mbele kabisa kwenye mwanga, na avae nguo ya rangi moja iliyo tofauti na ngozi yake, maua maua yanaumiza macho. MC mwambieni mapema asiongee akizunguka zunguka ukumbini, na akitania ampe mkalimani sekunde chache, ili viziwi wacheke na wenzao.

Maharusi wakiingia kuna kumbi wanazima taa zote wanaacha ya rangi tu, hapo viziwi wote mmewafungia mdomo, kwa hiyo taa zisizimwe. Meza zao ziwe za duara na katikati msiweke yale maua marefu. Spika nzito ziwekwe chini sakafuni upande waliokaa wao, muziki wataupata miguuni na mtaona nani anacheza mpaka mwisho. Kupiga makofi wao wananyoosha mikono juu wanaitikisa, MC awafundishe wageni wote mwanzoni kabisa, inapendeza mno ukumbi mzima ukifanya. Nasaha za wazazi mama azitoe taratibu akimwangalia mwanae, asimwangalie mkalimani. Na mpiga video aambiwe kabisa asisimame mbele ya mkalimani, kila harusi niliyoenda wao ndo wanaziba.